Rangi Haizibi Tundu

Kuna usemi umeenea katika mwambao wetu, na huzidi kupata nguvu kila boti mpya inaposhushwa majini kwa vigelegele. Usemi wenyewe ni huu: "Boti ya faiba haiozi." Anayeusema huusema kwa raha, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Mbao huoza, mbao huliwa na funza wa baharini, mbao huvuja. Lakini faiba, wanasema, ni ya milele. Osha, paka rangi, nenda zako. Mimi nasema usemi huo ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli katika mambo ya bahari ni ya hatari kuliko uongo mzima, kwa sababu uongo mzima watu huushtukia mapema.

Ni kweli, faiba haiozi kama mbao. Lakini hunyonya maji, huchanika, huachana tabaka kwa tabaka, na hufa kimyakimya mahali ambapo jicho halifiki, yaani chini, tumboni mwa chombo. Na kwa kuwa haifi kwa kelele, tumezoea kuitibu kwa rangi. Katika insha hii nataka kugombana na tabia hiyo. Nagombana na fundi anayeitenda, na mwenye boti anayeilipia, na mkopeshaji anayeifumbia macho, na shule inayomfundisha mtoto kwamba kazi ya mikono ni adhabu ya walioshindwa.

Huenda msomaji akauliza: mwalimu mkuu mstaafu, mwenye miaka sabini na kitu, ana habari gani na matumbo ya boti? Jibu langu ni fupi. Naishi pwani. Ndugu zangu na wanafunzi wangu wa zamani ndio wanaokesha ndani ya boti hizo, mbali na nchi kavu, na baina yao na kilindi pana ukuta usiozidi unene wa kidole kidogo cha mkono. Mtu aliyefundisha hesabu na sayansi kwa zaidi ya miaka thelathini hawezi kuona ukuta huo ukizibwa kwa puti ya magari, akanyamaza.

Kwanza tuelewane faiba ni kitu gani. Ni nyuzi za kioo, zilizofumwa kama kitambaa au zilizotandazwa ovyo kama mkeka, zikaloweshwa kwa resini, na resini hiyo ikagandishwa kwa dawa ya kukazia ambayo mafundi huiita hadena. Nyuzi ndizo zenye nguvu; resini ni gundi inayozishika pamoja. Kwa nje huwekwa tabaka laini liitwalo jelikoti, ambalo kwa kawaida unene wake haufiki milimita 1. Mfano wake ni nyumba zetu za miti na udongo. Miti na fito ndizo nyuzi, udongo ndio resini, na chokaa ya nje ndiyo jelikoti. Mtu akikwambia kwamba chokaa ndiyo inayoshikilia nyumba, utamcheka. Lakini mtu huyohuyo akikwambia kwamba rangi ndiyo inayoshikilia boti, unampa pesa.

Wala siilaumu faiba yenyewe. Boti za namna hii zilianza kujengwa Marekani katika miaka ya 1940, na zipo zilizojengwa katika miaka ya 1950 na 1960 ambazo hadi leo zinaelea. Kwetu zimekuja kwa sababu za haki. Mbao nzuri za mvule na mninga zimeadimika na bei yake imepanda. Katika miaka hii ya 2020, serikali zetu, ya Muungano na ya Zanzibar, zimekuwa zikivikopesha vikundi vya wavuvi boti za faiba pamoja na injini zake. Jambo hilo ni jema. Ila mtu akipewa ng'ombe asifundishwe kumkamua wala kumtibu, amepewa ngozi na pembe tu.

Sasa tutazame jinsi boti hizi zinavyougua. Maji huingia kwa milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni kuburuta. Pwani yetu ni ya kupwa na kujaa. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka kwa mita 3 na zaidi, na boti iliyotiwa nanga ufukweni hukalia mchanga mara mbili kwa siku. Kila inapokaa, na kila inapoinuka huku mawimbi yakiitikisa, mchanga unaisugua kama msasa. Tena huja vijana wakaiburuta juu ya mawe na matumbawe ili kuisogeza majini. Jelikoti huisha kwanza chini ya mkuku, kisha nyuzi hubaki uchi. Uzi wa kioo ulio uchi ni kama utambi wa taa: maji huufuata ndani, polepole, hadi mahali ambapo hukutazamia.

Mlango wa pili ni malengelenge. Jelikoti na resini ya poliesta hazizuii maji kabisa, hupitisha kidogokidogo. Maji yakifika ndani hukutana na mabaki ya dawa ambayo hayakuganda vizuri, yakachanganyika nayo, na mchanganyiko huo ukazidi kuvuta maji mengine. Ngozi ya boti huvimba vipele. Ukitoboa kipele hicho hutoka maji yenye harufu kali kama ya siki. Na maji ya vuguvugu, kama haya ya bahari yetu, huharakisha ugonjwa huu kuliko maji ya baridi ya nchi za kaskazini. Basi anayesema kwamba boti iliyojengwa kwa faiba haihitaji kutazamwa chini, anasema hivyo katika bahari ambayo ndiyo hasa inahitaji itazamwe.

Mlango wa tatu ni jeraha: mwamba uliogongwa, tundu la skrubu lililoachwa wazi, kiraka cha zamani kilichoanza kuachia. Huu ndio mlango ambao watu huuona, na ndio wanaouziba vibaya kuliko yote.

Wazee wetu hawakuwa na resini, lakini heshima ya tumbo la chombo walikuwa nayo. Jahazi au mashua ilipandishwa pwani, ikaegemezwa, ikakwanguliwa. Nyufa baina ya mbao zilikalafatiwa kwa pamba iliyotiwa mafuta, ikagongwa kwa nyundo na patasi hadi ikakaza. Mbao zilipakwa sifa, na chini kukapakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa, ili wadudu na magamba yasipate pa kushika. Nahodha alikuwapo. Mabaharia walikuwapo. Hakuna aliyeuliza, "Kwani chini nani anapaona?" Waliokuwa wakisafiri na chombo hicho ndio waliokuwa wakilala chini yake wakikigonga. Kazi hiyo ilirudiwa kila mara, kwa ratiba ya pepo na maji, wala si kwa ratiba ya ajali.

Tulipoleta faiba tuliiacha mbao, na huo si msiba. Msiba ni kwamba tuliiacha na ile desturi ya kupiga magoti chini ya chombo.

Nitoe mfano mmoja ninaoufahamu kwa karibu. Kikundi kimoja cha wavuvi, ambacho sitakitaja, kilikuwa na boti ya mkopo. Boti iligonga mwamba, ikapata ufa wa urefu wa kiganja karibu na mkuku. Fundi aliitwa. Kazi yake ilimchukua siku moja, asubuhi hadi alasiri. Alifuta mahali pale kwa tambara, akapiga msasa mara mbili tatu, akajaza puti ile ya kunyooshea mabodi ya magari, akaisawazisha, kisha akapaka rangi ya buluu boti nzima. Jina la boti likaandikwa upya kwa herufi za kupendeza. Wanachama walifurahi, wakapiga picha, wakamlipa fedha zake zote.

Miezi miwili baadaye, katika upepo wa kusi, kiraka kilitoka kizimakizima kama kifuniko cha sufuria. Watu watano walikuwamo ndani. Walikumba maji kwa madumu yaliyokatwa, wakatupa nyavu na sanduku la barafu, na laiti isingelipita boti nyingine ikawakokota, ningekuwa naandika habari nyingine. Walipoipindua boti ufukweni nilikwenda kuitazama. Pembezoni mwa ufa ule, mahali puti ilipokuwa imekaa, jelikoti ilikuwa ingali inang'aa. Haikuwahi kuchimbwa. Kiraka kilikuwa kimekaa juu ya boti. Hakikuwa kimeshikana nayo hata kidogo. Kiliwekwa kama mtu anavyoweka sahani juu ya meza.

Mkutano ulipoitwa, wengine waliilaumu bahari. Wengine waliilaumu serikali kwa kuleta "boti mbovu." Mmoja alinong'ona habari za husuda. Nikasimama nikawaambia: jamani, hapa hakuna jini wala husuda, hapa pana msasa ambao haukupigwa. Baadhi yao walinikasirikia. Deni la mkopo lilibaki palepale, na nyavu zilikuwa zimekwenda.

Je, kazi ya haki ni ipi? Nitaieleza kwa lugha ya darasani, ili mwenye boti asiyejua ufundi aweze kusimama mbele ya fundi akauliza maswali.

Boti ipandishwe mahali pakavu, iegemezwe vizuri, ioshwe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi. Chumvi iliyobaki huvuta unyevu, na unyevu ni adui wa resini. Kisha iachwe ikauke. Si saa moja. Ni siku, na ikiwa imenyonya sana ni wiki. Kipimo chake si lazima kiwe cha fedha nyingi. Bandika kipande cha nailoni angavu juu ya sehemu yenye wasiwasi, kizibe pande zote kwa utepe wa gundi, ukiache usiku kucha. Asubuhi ukikuta umande ndani ya nailoni, boti yako bado inatoa maji. Subiri.

Wakati wa kusubiri, gonga. Chukua sarafu au mpini wa bisibisi, ugonge tumbo la boti hatua kwa hatua, kama mama anavyogonga chungu sokoni kabla ya kukinunua. Palipo pazima hulia sauti kavu na kali. Palipoachana tabaka hulia sauti nzito, ya kufa. Pazungushie chaki. Mara nyingi utakuta duara la chaki ni kubwa kuliko ufa ulioonekana kwa macho.

Hapo ndipo kazi inaanza, nayo ni ya kuchimba. Kila kilicholegea kiondolewe kwa grenda hadi faiba nzima ionekane. Kingo za tundu zisiachwe wima, zilazwe mteremko. Kanuni ambayo mafundi wengi huifuata chini ya maji ni 12 kwa 1. Maana yake, ikiwa ukuta wa boti una unene wa milimita 6, mteremko uwe na upana wa milimita 72 kila upande. Tundu la sentimita 10 linahitaji kiraka cha zaidi ya sentimita 24. Nimewahi kuwaeleza watu hesabu hii wakashangaa, "Mbona kiraka kinakuwa kikubwa kuliko tundu mara mbili na zaidi?" Ndiyo. Kwa sababu kiraka hakishikiliwi na tundu. Tundu ni hewa tu. Kiraka hushikiliwa na kile kilicho kando ya tundu, na kadiri kando inavyokuwa pana ndivyo mshiko unavyokuwa wa kweli. Huyo aliyeweka puti ndani ya ufa alikuwa akiomba msaada kwa hewa.

Baada ya kuchimba, vumbi lifutwe, mahali pasafishwe kwa asetoni, kisha faiba ilazwe tabaka kwa tabaka, kila tabaka likilowa sawasawa na mapovu yote yakifukuzwa kwa rola. Resini ya poliesta hupimwa na hadena yake: kwa kawaida asilimia 1 hadi 2, yaani gramu 10 hadi 20 kwa kilo moja ya resini, kwa kadiri ya maelekezo ya mtengenezaji na joto la siku hiyo. Lakini utamkuta fundi anamimina kwa macho, kifuniko kimoja, nusu kifuniko, "nimezoea." Hadena ikizidi, resini huchemka, ikapasuka na kuwa kavu kama gamba la yai. Ikipungua, haigandi kamwe, na ile isiyoganda ndiyo chakula cha malengelenge ya kesho. Mizani ndogo ya jikoni ingetosha. Hatununui mizani, lakini tunanunua kopo la pili la rangi.

Sasa nije kwenye kulainisha, maana hapa ndipo penye udanganyifu mzuri zaidi. Watu wengi huchanganya mambo mawili, unyoofu na mng'ao. Tumbo la boti linatakiwa kuwa nyoofu, lisilo na mabonde na vilima, ili maji yapite bila kukwaruzana nalo. Tumbo lenye mashimo na magamba huikokota boti nyuma; injini hulia, petroli huisha, na mvuvi hubaki akishangaa kwa nini faida haionekani. Mng'ao ni jambo jingine kabisa. Boti inaweza kung'aa kama kioo na tumbo lake likawa na mawimbi kama barabara ya vumbi baada ya masika. Tena, chini ya rangi ya kuzuia magamba, mng'ao ni hasara, kwa kuwa rangi hiyo inahitaji uso uliokwaruzwa kwa msasa, kama ule wa namba 80, ndipo ishike.

Unyoofu haupatikani kwa kipande cha msasa kilichoshikwa kwa vidole. Vidole hufuata bonde vikalichimba zaidi. Unahitaji ubao mrefu, mwembamba wa kupindika kidogo, uliobandikwa msasa, ukashikwa kwa mikono miwili na kusukumwa kimshazari, huku na huku. Ubao huo hupita juu ya mabonde na kukata vilima tu. Na ili usijidanganye, nyunyiza ukungu mwembamba wa rangi nyeusi kabla ya kuanza. Ukisugua, vilima hupoteza weusi, mabonde hubaki nao. Boti yenyewe inakuonyesha pa kujaza. Unajaza, unasugua tena, unanyunyiza tena. Mwisho fumba macho, pitisha kiganja. Kiganja cha mtu mwaminifu huona kuliko jicho.

Na fila ya kujazia iwe ya epoksi iliyokusudiwa majini. Puti ya magari imetengenezwa kwa ajili ya gari. Ndani yake mna unga wa madini unaonyonya maji, na hakuna mtu anayeegesha gari lake chini ya bahari kwa miaka. Juu ya fila hufuata matabaka ya epoksi ya kuzuia maji, kisha rangi ya kuzuia magamba. Anayetaka kurudishia jelikoti ya poliesta juu ya epoksi ajihadhari, kwani mara nyingi hazishikani vizuri. Hizi si siri za Wazungu. Zimeandikwa kwenye makopo yenyewe, ila makopo hayaandikwi Kiswahili, na hilo nalo ni kosa la waagizaji ambalo lingeweza kusahihishwa kwa karatasi moja ya kubandika.

Nazijua hoja za upande wa pili, na si haki kuzikimbia.

Hoja ya kwanza husema: sisi ni maskini, hatuna fedha za kazi ndefu namna hiyo. Ninaiheshimu hoja hii, lakini hesabu yake haitoki. Sehemu kubwa ya kazi niliyoieleza ni jasho na subira: kuosha, kukausha, kugonga, kusugua. Vitu hivyo havinunuliwi dukani. Maskini ndiye hasa asiyeweza kumudu kutengeneza mara tatu. Tajiri kiraka chake kikitoka atanunua boti nyingine. Wewe utabaki na deni. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema kwamba maskini amesamehewa.

Hoja ya pili husema: boti ikikaa pwani wiki mbili, watoto watakula nini? Hili ni swali zito. Lakini zipo siku za dhoruba ya kusi, na kwa wavuvi wa dagaa zipo siku za mbalamwezi ambazo taa zao hazifai kitu. Wazee walipanga matengenezo yao katika siku kama hizo. Kikundi chenye kalenda kinaweza kupanga. Kikundi kisicho na kalenda, bahari itakipangia.

Hoja ya tatu ndiyo inayonikera zaidi: "Hii ni boti ya kuvulia samaki, si ya mashindano ya watalii, kwa nini tuisugue hivyo?" Maana yake ni kwamba ukamilifu ni wa wageni, na sisi tunatosheka na nusu kazi. Sikubali. Mtalii akipata hitilafu ana jaketi la kuokolea, simu na boti ya pili inayomfuata. Mvuvi wetu ana tumbo la boti yake tu. Kama kuna mtu anayestahili kiraka cha 12 kwa 1, ni huyo.

Nilipoingia chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1970, tulisomeshwa kijitabu cha Mwalimu Nyerere, Elimu ya Kujitegemea, kilichotolewa mwaka 1967. Kiini chake ni kwamba shule isimtenge mtoto na kazi za watu wake. Miaka mingi imepita, na bado nawasikia wazazi wakimtisha mtoto mvivu: "Usiposoma utaishia kusugua boti." Kana kwamba kusugua boti hakuhitaji kusoma! Pale chini ya boti pana uwiano, asilimia, kemia ya kuganda kwa resini, fizikia ya msuguano, na maadili. Mtoto aliyefeli hesabu asiruhusiwe kukaribia mkuku wa boti yangu. Chuo cha uvuvi cha Mbegani, karibu na Bagamoyo, kipo. Vyuo vya ufundi stadi vipo. Lakini kijana mwenye akili akitaka kwenda huko hujibiwa kwamba ameshindwa maisha. Matokeo yake, watu tunaowakabidhi roho za ndugu zetu ni wale waliojifunza kwa kuchungulia.

Na fundi huyo naye anaumia. Humwona akichimba faiba kifua wazi, bila barakoa, vumbi la kioo likimwingia mapafuni, watoto wakicheza kando. Hadena ikimruka jichoni inaweza kumpofusha. Na vumbi lote hupeperushwa mchangani, maji yakija yakalichukua hadi kwenye mashamba ya mwani na kwa akina mama wanaookota chaza. Turubai moja ya kutandika, barakoa, miwani na ndoo ya maji vingetosha kuonyesha kwamba tunamhesabu fundi kuwa mtu na bahari kuwa mali ya wote.

Basi natoa pendekezo langu, nalo ni moja. Tubadilishe namna ya kumlipa fundi. Leo tunamlipa mwishoni, rangi ikishakauka, yaani tunalipia kitu pekee ambacho hakina kazi katika kuzuia maji. Tunamfundisha kwa fedha zetu wenyewe kwamba rangi ndiyo kazi. Tugawe malipo mafungu matatu. Fungu la kwanza lilipwe baada ya kuchimba, wanachama wakiwa wameliona tundu wazi na kuupima mteremko kwa rula. Fungu la pili, lililo kubwa kuliko yote, lilipwe faiba ikishalazwa na kukauka, kabla ya tone lolote la fila. Fungu la tatu, dogo, lilipwe mwishoni. Na wakopeshaji wa boti, wawe wa serikali au wa benki, waandike sharti hilo katika mkataba, watenge na fungu la matengenezo ndani ya mkopo wenyewe, na wamdai kila kikundi mtu mmoja aliyefunzwa kazi ya faiba. Wasiridhike na kukata utepe.

Fundi mwema hataogopa utaratibu huu. Utamwinua, kwa kuwa kazi yake itaonekana kabla haijafunikwa. Atakayeogopa ni yule ambaye riziki yake imo katika kufunika. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa maradhi ni ya fundi lakini kifo ni cha mvuvi.

Ndugu msomaji, kama una boti, au una mwana ndani ya boti ya mtu mwingine, maji yakipwa nenda pwani. Usitazame jina lililoandikwa ubavuni. Piga magoti, ingiza mkono chini ya mkuku, gonga kwa sarafu, sikiliza. Ukisikia sauti nzito, usimwite mpaka rangi.